Kikombe hakijaungua: shino na majivu kwenye vyombo vya udongo

Jumamosi moja, kwenye soko la kazi za mikono hapa Kampala, mama mmoja alichukua kikombe changu mezani, akakigeuza juu chini, akakisugua kwa kidole gumba. "Dada, hiki kimeungua. Nipunguzie bei." Nikamwambia hapana mama, hayo mawingu meusi ndiyo kazi yenyewe. Akanitazama kama mtu anayeuziwa samaki wa juzi. Akakirudisha, akashika bakuli lililokuwa kando yake: la kijani, lenye michirizi inayoshuka kama mvua kwenye kioo cha dirisha. Hilo alilipenda. Nilipomwambia rangi ile imetoka kwenye jiko la muuza chapati, akacheka mpaka akashika kiuno. Majivu? Majivu si ya kusugulia masufuria?

Vyombo vile viwili vilifinyangwa kwa udongo mmoja, vikachomwa kwenye tanuri moja, siku moja. Kilichovitenganisha ni gilezi, ile ngozi ya kioo inayofunika udongo. Kikombe kilivishwa shino, gilezi yenye asili ya Japani, bakuli likavishwa gilezi ya majivu. Vijana wanaokuja kujifunza karakanani kwangu huziweka kapu moja, kwa kuwa zote mbili zina sura ya kitu kilichookotwa mtoni, na zote zina sifa ya kumwaibisha mfinyanzi. Kumbe tabia zao ni mbingu na ardhi. Moja hukimbia, nyingine hugoma kutembea. Ukishajua sababu, hutahangaika tena kuomba vipimo vya watu, ambavyo kwa hapa Uganda havikufai sana, maana mifuko inayotajwa humo haiuzwi dukani kwetu.

Vyungu tulivyokulia navyo havina gilezi. Mtungi wa maji wa bibi huchomwa uwanjani kwa nyasi na kuni, kwa moto usiofika nyuzi 1,000, na udongo wake hubaki na vinyweleo. Ndiyo maana maji yake ni baridi: mtungi unatoka jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Vyombo vyeusi vya Bunyoro na vya jumba la Kabaka vinang'aa, lakini ule ni mng'ao wa grafiti iliyosuguliwa, si kioo. Hata kile kichwa cha udongo kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929, ambacho sasa kiko British Museum huko London, ni udongo uliochomwa tu. Gilezi kwetu ni mgeni, na mgeni huyu anataka moto wa nyuzi karibu 1,280.

Kioo cha gilezi hujengwa na vitu vya aina tatu. Silika, ambayo ndiyo imejaa kwenye mchanga mweupe wa ufuo wa Ziwa Victoria, ni mwili wa kioo. Alumina, inayopatikana ndani ya udongo, huufanya mwili huo uwe mzito usichuruzike. Cha tatu ni kiyeyushi: chokaa, potashi, soda na jamaa zao. Ajabu iko hapa. Silika peke yake haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 1,700. Alumina inadai zaidi ya 2,000, na chokaa zaidi ya 2,500. Hakuna tanuri la mfinyanzi linalofika huko. Lakini ukichanganya sehemu 62 za silika, 15 za alumina na 23 za chokaa, mchanganyiko mzima unayeyuka kwenye nyuzi 1,170 hivi. Kila mmoja peke yake ni mkaidi, ukiwakutanisha wanalainishana. Ufundi wote wa gilezi ni kutafuta mahali wakaidi hao wanapokubaliana.

Sasa tuzitenganishe. Gilezi ya majivu huyeyushwa zaidi na chokaa. Shino huyeyushwa na soda na potashi zilizomo kwenye jiwe la feldispa. Kikombe na bakuli la yule mama vilitofautiana hapo tu, na mengine yote yalifuata.

Tuanze na majivu, maana hayo kila mtu anayo. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita huko China, wafinyanzi waliokuwa wakichoma kwa kuni waliona kwamba vyombo vyao vinatoka tanurini na utando wa kioo mabegani, upande uliotazama moto. Majivu yalikuwa yamepeperushwa na moshi, yakatua juu ya udongo, yakaupa chokaa uliyokuwa unaikosa, na udongo wenyewe ukatoa silika na alumina. Baadaye watu wakaacha kusubiri upepo, wakaanza kuyakoroga majivu kwenye maji na kuyapaka.

Neno majivu, hata hivyo, linadanganya. Majivu ya kuni za mkaratusi yamejaa chokaa, na hayo ndiyo yanayoyeyusha. Maganda ya ndizi yana potashi nyingi, jambo ambalo bibi zetu walilijua bila kemia, kwani walichuja maji ya majivu yake kulainishia mboga na kutengenezea sabuni. Maganda ya kahawa nayo yana potashi ya kutosha. Kisha kuna majivu ya makapi ya mpunga, ambayo karibu asilimia 90 ni silika: ukiyapaka ukitegemea yayeyuke kama ya kuni, utatoa chombo kilichopakwa kitu kama unga mkavu. Niliwahi kukusanya gunia zima Butaleja, nikalibeba kwa basi mpaka Kampala, nikalifungulia tanuri kwa shangwe. Unga mtupu. Siku hizi nayatia kidogo tu ndani ya majivu ya kuni, yanipe weupe wa maziwa.

Kipimo cha kuanzia ni kile cha zamani ambacho wafinyanzi wa nchi nyingi wanakijua: sehemu 2 za majivu, 2 za feldispa, 1 ya udongo mweupe. Feldispa yetu inachimbwa Mutaka, magharibi, mahali penye kaolini pia, yaani udongo mweupe. Udongo mlaini mweupe upo Mukono. Kwa hiyo kila kitu kinapatikana bila kuvuka mpaka, jambo ambalo bado linanifurahisha kila nikipima. Lakini kipimo hicho ni mlango tu. Majivu ya leo ya muuza chapati si ya mwezi uliopita. Wiki moja anachoma mkaratusi, wiki nyingine mbao za masanduku zenye misumari na rangi. Basi unajaza pipa moja kubwa, unayachanganya yote, unayachekecha, na pipa hilo ndilo unalolipima mpaka liishe. Likiisha, unaanza upya kama mtu aliyehamia nyumba nyingine.

Kuyaosha au kutoyaosha? Hapa wafinyanzi hugombana. Ukiyaloweka na kumwaga maji ya juu mara tatu nne, potashi inayoyeyuka inaondoka, na gilezi inakuwa tulivu, inakaa ndooni miezi bila kubadilika. Usipoyaosha, unapata rangi changamfu zaidi, na pia unapata ndoo ya maji makali yanayochubua ngozi. Mimi naosha mara moja tu, kwa glavu, na yale maji ya kwanza hayamwagwi penye kuku. Nimejifunza.

Ile michirizi aliyoipenda mama yule inatokana na upungufu wa alumina. Chokaa ikiwa nyingi na udongo ukiwa mchache, kioo kinakuwa chepesi kama uji wa mgonjwa. Kinashuka, na kinaposhuka kinajigawa katika vijito, fosfori iliyomo kwenye majivu ikisaidia kukitia ukungu. Ukijani ni chuma kidogo kilichomo kwenye majivu na udongo, kilichochomwa kwa moto ulionyimwa hewa. Choma gilezi ileile kwa hewa tele, utapata njano ya asali. Ukitaka kuitia adabu, ongeza udongo. Ukitaka vijito, punguza udongo, lakini uache vidole viwili vya chombo chini bila kupaka, na kila chombo ukikalishe juu ya kibamba cha udongo cha kutupa. Sikufanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Bakuli sita zilishuka, zikaungana na rafu ya tanuri, na rafu moja ya kuagiza bei yake unaweza kulipia karo ya muhula. Nilizipasua kwa patasi.

Njia ya kupima ni ya uvumilivu. Unatengeneza vipande 11 vya udongo vinavyosimama wima, maana kipande kilicholala hakikuambii kama gilezi inakimbia. Cha kwanza kina majivu matupu, cha mwisho feldispa tupu, na katikati unasogea kumi kumi: 90 kwa 10, 80 kwa 20, mpaka ng'ambo. Ukiviona vimepangwa baada ya moto unaelewa kuliko kusoma mwezi mzima. Upande wa majivu matupu ni ukavu, kwa kuwa chokaa haina wa kulainishana naye. Katikati kinaanguka kioo kinachokimbia. Na ukikaribia feldispa tupu unaona weupe mzito, mnene, uliosimama palepale ulipopakwa.

Huo weupe mzito ndio mlango wa shino.

Shino ilizaliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1500, katika jimbo la Mino, sehemu ambayo leo iko ndani ya Gifu. Wafinyanzi wa huko walikuwa na udongo wa kokoto, mweupe usioiva kwa urahisi, na feldispa ya kutosha. Wakaisaga, wakaipaka nene karibu peke yake, wakachoma kwa siku nyingi. Kilichotoka ni weupe kama wa maziwa yaliyoganda, wenye vitundu kama ganda la chungwa, na pale gilezi ilipokuwa nyembamba, kwenye kingo na alama za vidole, wekundu wa moto ukajitokeza. Watu wa sherehe za chai walivipenda mno. Bakuli moja la chai la shino, linaloitwa Unohanagaki, limetangazwa hazina ya taifa. Kisha ufundi ukafifia, ikafika mahali wataalamu wakaamini shino ilitengenezwa Seto, mji mwingine kabisa. Mwaka 1930 mfinyanzi Arakawa Toyozo aliokota kigae cha shino kwenye mabaki ya tanuri la kale kule Mino, na kigae hicho kikageuza historia. Akajenga tanuri la aina ile ile ya zamani ili kuirudisha shino.

Kwa nini haikimbii? Feldispa ina alumina nyingi ndani yake, na soda na potashi huyeyuka kuwa kioo kizito kama asali ya baridini. Kinapokaa ndipo kinapobaki. Ndiyo maana shino huonyesha kila kosa la mpakaji: tone, kidole, mkwaruzo. Ukipaka nene mno juu ya udongo wenye vumbi, inajikunja na kuacha mabaka matupu, kama matope yanayokauka kiangazi. Wapo wanaoyataka mabaka hayo. Mimi nayavumilia kwenye chombo cha maua, si kwenye sahani.

Lakini weusi ule wa kikombe haukutoka Mino. Ulitoka Marekani. Mwaka 1974 mwanafunzi aitwaye Virginia Wirt, katika Chuo Kikuu cha Minnesota alikokuwa akifundisha mfinyanzi Warren MacKenzie, alitunga shino yenye magadi ndani yake. Baadaye mfinyanzi Malcolm Davis akaisukuma mbali zaidi, akafikisha magadi kwenye sehemu 17 hivi kati ya 100, na kuifanya gilezi ya kunasa moshi. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati ya lugha hapa. Wenzetu wanaita kitu hiki kwa majina ya maabara. Sisi tunakiita magadi, kile kile cha kuivishia maharage, na ziwa zima kule Kenya limebeba jina lake.

Tahadhari, lakini. Magadi ya mawe ya sokoni si sawa na soda safi ya duka la kemikali. Ndani yake mna maji na gesi. Ukiyachoma kikaangoni mpaka yaache kutoa mvuke, gramu 100 za magadi safi zinabaki kama 70. Ukipima magadi mabichi kana kwamba ni soda, gilezi yako itapungukiwa karibu theluthi, na utalaumu tanuri. Niliwalaumu wote, tanuri, gesi, hata udongo, kabla ya kuchukua mizani.

Sasa fungu ambalo vijana wengi hawaliamini mpaka walione: sura ya kikombe hicho inaamuliwa kabla ya moto. Feldispa na udongo haviyeyuki majini, vinaelea tu. Magadi yanayeyuka. Ukikitumbukiza kikombe kilichochomwa mara ya kwanza, kinakunywa maji ya gilezi, na magadi yanaingia nayo ndani ya ukuta wa udongo. Kisha kikombe kinaanza kukauka, na maji yanaporudi nje yanarudi na magadi. Yanafika juu, maji yanaruka, magadi yanabaki. Pale panapokauka haraka, kama mdomo wa kikombe na mgongo wa mkono wake, panakusanya magadi mengi. Ukitazama dhidi ya mwanga unaona manyoya meupe, kama chumvi kwenye ukingo wa Ziwa Katwe. Hayo manyoya ndiyo mawingu meusi ya kesho.

Kwa hiyo unaweza kuyachora. Funika nusu ya kikombe kwa mfuko wa plastiki: nusu hiyo haitoi mvuke, magadi yanahamia nusu nyingine. Paka nta ya mshumaa kwa brashi juu ya gilezi: penye nta hapapumui, na magadi yanajipanga pembeni yake. Nilibandika jani la muhogo kwenye ukuta wa kikombe likiwa bichi, nikaliacha mpaka likajikunja lenyewe na kudondoka. Alama yake ilitoka tanurini kama kivuli. Na hali ya hewa inaingia kazini bila kualikwa. Msimu wa mvua, karibu na ziwa, kikombe kinachukua siku nne tano kukauka, na fuwele zinakuwa kubwa. Kiangazi cha Januari kinakauka kwa siku moja na sura ni nyingine kabisa. Gilezi ile ile, ndoo ile ile. Aliyekuambia vipimo bila kukuambia alikausha vipi hajakuambia kitu.

Halafu moto. Soda huyeyuka mapema, karibu na nyuzi 850, wakati gilezi nyingine yote bado ni vumbi. Ukianza kuubana moto hewa hapo, ndimi zikageuka njano na tanuri likajaa masizi, masizi yanatua juu ya uso wa chombo. Soda iliyoyeyuka inayafunika, kisha joto linapopanda kioo kinafunga juu yake moja kwa moja. Hayawezi tena kuungua, kwa kuwa hewa haiyafikii. Ukichelewa mpaka nyuzi 1,100, mlango umeshafungwa na masizi yako nje. Unapata weupe na machungwa, mazuri tu, ila si ulichokusudia. Ukibana mno, kila kitu kinakuwa kijivu cha sufuria ya shule. Tanuri la umeme halifai kwa kazi hii, kwani hakuna cha kuungua ndani yake. Ni gesi au kuni. Na kwa bei ya gesi Kampala, mtu anafikiri mara mbili kabla ya kuyapoteza masaa hayo ya moshi.

Udongo wa chini nao una neno. Udongo mwekundu wa matofali, kama ule unaochimbwa Kajjansi na kuijengea nchi vigae, ni mzuri kwa moto wake wenyewe. Kwenye nyuzi 1,280 chuma chake kingi kinauyeyusha, unavimba na kuinama. Shino inataka udongo mweupe mgumu wenye chuma kidogo tu cha kuipa wekundu. Ninachanganya udongo wa Mukono, kaolini na mchanga, na kijiko cha udongo mwekundu kwa ajili ya rangi. Feldispa na mchanga nazichanganya zikiwa na maji, na kabla ya hapo navaa barakoa: vumbi la silika likiingia kwenye mapafu halitoki.

Kosa la shino ambalo wauzaji hawalitaji ni nyufa. Soda hupanuka sana ikipata joto na kusinyaa sana ikipoa, kuliko udongo ulio chini yake. Kioo kinavutika, kinapasuka kwa mistari myembamba kama utando wa buibui, wakati mwingine kikilia ting ting mezani siku mbili baada ya kutoka tanurini. Chai inaingia kwenye mistari hiyo na kuitia rangi. Wajapani huuona huo kuwa umri wa bakuli. Mimi nauza vikombe vya shino kwa anayejua hilo, na mtu akitaka chombo cha kuwekea maziwa nampa kingine.

Je, mtu anaweza kuzikutanisha? Anaweza, kwa utaratibu mmoja: shino kwanza, majivu juu. Shino ikitangulia inashika udongo; ikipakwa juu ya gilezi nyingine inajikunja na kuteleza. Chokaa ya majivu ikikutana na soda ya shino, wakaidi wanaongezeka mezani na wote wanalainika zaidi: ile nzito isiyotembea inaanza kutembea. Ukinyunyiza majivu makavu kwa chujio la chai kwenye bega la mtungi wenye shino, vijito vya kijani vinachimba njia katikati ya weupe na kusimama vinapofika pale majivu yalipoishia nguvu.

Mtungi wa namna hiyo ulikuwa chini ya meza siku ile, umefungwa kwa gazeti. Sikumwonyesha yule mama. Ulikuwa bado umeng'ang'ania kibamba chake, na patasi niliiacha nyumbani.